Dhana potofu kuhusu kujiondoa chuo kikuu, na ukweli wake

Katika kazi yangu ya kuwashauri wanafunzi hapa Tabora, wengi wao wakiwa wamerudi nyumbani kutoka vyuo vya Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam, kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mimi chuo nilishaacha." Nikimwuliza aliyeitamka ni lini aliwasilisha barua yake ya kujiondoa, na msajili alimjibu nini, naambiwa kwamba hakukuwa na barua yoyote. Alifunga begi lake wakati wa likizo, akapanda treni au basi, na semesta ilipofunguliwa hakurudi. Yeye anaamini kwamba kwa kutorudi tu amekwisha kujiondoa, na mara nyingi anaamini hivyo kwa sababu mwenzake aliyemtangulia chuoni alimwambia anyamaze, kwa kuwa chuo chenyewe kitamfuta jina. Ushauri huo umewaharibia vijana wengi, na sina subira hata kidogo na wanaoendelea kuutoa.

Usajili haukomi kwa mwanafunzi kutoonekana darasani. Mpaka barua yake ipokelewe na kujibiwa, jina lake linabaki kwenye orodha ya wanafunzi, ada inaendelea kuandikwa kwenye hesabu yake kadiri kanuni za chuo zinavyoelekeza, na mitihani inapofika anahesabiwa kuwa mtahiniwa kama wengine. Asipotokea bila sababu iliyokubaliwa, kanuni za mitihani za vyuo vyetu kwa kawaida humhesabu kuwa ametoroka mtihani, na matokeo ya kutoroka ni kuondolewa masomoni. Hivyo mwanafunzi aliyekuwa na alama nzuri, ambaye tatizo lake lilikuwa nauli au mama aliyelazwa hospitali, anaingia katika kumbukumbu za chuo pamoja na waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli. Aliyejiondoa kwa barua anaweza kuomba matokeo ya semesta alizomaliza na uthibitisho kwamba aliondoka kwa hiari yake, na nyaraka hizo ndizo chuo kingine kitakazotaka kuziona kabla ya kufikiria kuzitambua krediti zake za masomo aliyokwisha kufaulu. Aliyetoroka anabaki akijieleza kwa mdomo, mbele ya maofisa wanaofanya kazi kwa karatasi.

Wapo wanaodhani kwamba yote hayo yatasahaulika wakiomba chuo kingine kama waombaji wapya. Hayasahauliki. Mwombaji hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, vyuo hupeleka taarifa za udahili Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na namba hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kijana anaweza kuwa na ufaulu mzuri wa kidato cha sita na sifa zote za kozi anayoitaka, kisha akakwama kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha kwamba bado ni mwanafunzi wa chuo alichokwisha kukisahau.

Kujiondoa kwa utaratibu si kazi ngumu. Unaandika barua kwa msajili au kwa ofisa ambaye kanuni za chuo chako zimemtaja, ukiipitisha kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo, na ndani yake unaweka majina yako kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya usajili, programu unayosoma, mwaka na semesta uliyofikia, sababu, na tarehe unayokusudia kuondoka. Ukikubaliwa, unajaza fomu ya klirensi, yaani ya kuthibitisha kwamba chuo hakikudai kitu, na kupita nayo maktaba, bwenini, uhasibu, maabara kama kozi yako inayo, na kwa mshauri wa wanafunzi, kisha unarudisha kitambulisho cha chuo. Ninamsisitizia kila anayefika kwangu jambo moja, hata kama ataona ninamchosha: toa nakala ya barua hiyo, ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uipige picha kwa simu, na nakala yenyewe uihifadhi mahali unapoweka vyeti vyako. Ujumbe kwa kiongozi wa darasa kwenye kundi la WhatsApp haukuondoi chuoni. Wala salamu kwa mhadhiri unayemfahamu hazikuondoi. Aliyekwisha kufika Kasulu, Kibondo au Sikonge na hana nauli ya kurudi aitume barua kwa barua pepe rasmi ya ofisi ya msajili, ikiwa imesainiwa na kuskaniwa, kisha nakala halisi aipeleke kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta, na kutunza risiti. Na afanye hivyo kabla ya mitihani, kwa sababu barua inayofika baada ya mitihani humkuta mwanafunzi amekwisha kuandikwa kuwa ametoroka.

Dhana ya pili inahusu mkopo, nayo husemwa kwa uhakika wa kushangaza: "Sikumaliza, kwa hiyo sidaiwi." Unadaiwa. Fedha iliyokwisha kutolewa kwa jina lako, iwe ada iliyokwenda moja kwa moja chuoni au bumu, yaani fedha ya kujikimu, ulilosaini mwenyewe, ni deni lako hata kama ulisoma semesta moja tu, kwani wajibu wa kurejesha unamhusu aliyehitimu na aliyekatisha masomo vilevile. Siku utakapoajiriwa, mwajiri atatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Kujiondoa mapema kwa barua kunasaidia kwa namna moja kubwa: malipo ya semesta zinazofuata husimama, na deni linabaki pale lilipofikia. Anayekaa kimya huku jina lake likiendelea kuwamo kwenye orodha za malipo anajitafutia mgogoro wa fedha ambazo hakuzitumia.

Kuhusu kurudishiwa ada, soma maelekezo ya kujiunga uliyopewa siku ya kwanza. Kila chuo kina muda wake, na muda huo ukipita, sehemu kubwa ya ada hairudi. Iliyolipwa na Bodi si yako kuidai mfukoni.

Kisha wako wanaochanganya kujiondoa na kuahirisha masomo, na hapa ninawaomba wazazi nao wasome kwa makini. Anayejiondoa anaiachia nafasi yake, na akitaka kusoma tena anaomba upya. Anayeahirisha anaishikilia nafasi yake kwa muda uliokubaliwa, mara nyingi mwaka mmoja, kwa sababu zinazothibitishwa kama ugonjwa wenye taarifa ya daktari au tatizo zito la kifedha. Wakati wa kurudi huandikia chuo na kupata barua ya kuruhusiwa kuendelea, ambayo pia Bodi huihitaji ili mkopo uendelee. Katika mikoa yetu, wengi wanaokuja kwangu wakitaka kuacha kabisa walipaswa kuahirisha tu, au hata kuomba kulipa ada kwa awamu. Familia ya Urambo inategemea mauzo ya tumbaku, ambayo hayafuati kalenda ya chuo. Familia za wavuvi wa Kigoma zilikaa miezi 3 bila kuvua mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kupumzisha samaki. Hizo ni shida za msimu, na kijana hapaswi kuitoa nafasi yake ya udahili kwa ajili ya shida ya msimu. Ndiyo maana humwandikisha kwanza ombi la kuahirisha kila mwanafunzi ambaye sababu yake ni fedha, na barua ya kujiondoa tunaigusa pale tu ombi hilo linapokataliwa.

Mzazi hawezi kumwondoa mwanawe chuoni kwa kupiga simu. Mwanafunzi ni mtu mzima, na saini inayohitajika ni yake. Mzazi anaweza kuambatisha barua ya kuunga mkono, hasa panapokuwa na ugonjwa, na kuambatisha huko husaidia sana.

Mwisho ni wale wanaosema kwamba watahamia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo vya mkoa Tabora na Kigoma, na kwamba kwa kuwa masomo yake ni ya masafa hakuna haja ya kufunga usajili wa zamani. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ni chuo kikuu kamili, chenye udahili unaosimamiwa na Tume ileile. Nenda kituoni na barua ya chuo cha awali ikiwa mkononi.