Baked beans tamu zenye moshi, jiko la kawaida tu, oveni ya nini

Nikitaja baked beans tu, watu wananikatisha, "aah mpishi, mimi sina oveni". Sasa oveni ya nini jamani. Zile za kopo mnazokula hotelini na mayai na soseji hazikuingia oveni, kiwandani wanachemsha maharage kidogo, wanayatia kwenye kopo na sosi ya nyanya, kopo linafungwa, halafu kopo zima linapikwa kwa mvuke wenye presha. Maharage ya kuchemsha hayo, basi. Mimi kazi yangu ni jiko la brekfasti hotelini na shughuli za nje wikiendi, na haya maharage nayapika kwenye sufuria juu ya gesi, ukumbini nikikuta jiko la mkaa napikia hilo hilo, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza oveni iko wapi.

Ila oveni ilikuwa na sababu yake huko yalikotoka. Haya maharage matamu ni chakula cha Marekani, upande wa Boston na New England kwa ujumla, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Wale Wapuritani, Wakristo wa zamani wa huko wenye msimamo mkali, Jumapili walikuwa hawafanyi kazi, kupika ikiwemo, na Sabato yao ilikuwa inaanza Jumamosi jioni, kwa hiyo chungu cha maharage na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi na molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki muwa ukitengenezwa sukari, kinaingizwa kwenye oveni ya matofali, moto unaendelea kufa wenyewe, chungu kinaiva taratibu bila mtu kukisimamia. Molasi ilikuwa bwerere maana meli zilikuwa zinaileta kutoka visiwa vya Karibiani, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, iende kwenye viwanda vya ramu vya New England. Na tarehe 15 Januari 1919 tangi kubwa la molasi lilipasuka pale North End, Boston, wimbi likapita mtaani na kuua watu 21. Watu 21, kwa molasi.

Moshi sasa ni habari nyingine, haujatoka Boston. Umeletwa na watu wa babikyu, yaani wapika nyama kwa moshi, kusini mwa Marekani na Kansas City huko, ambao trei ya maharage wanaiweka ndani ya tanuri la moshi chini ya nyama, mafuta ya nyama yanadondokea humo masaa na masaa. Kwa hiyo ukihesabu vizuri oveni ilikuwa inatoa vitu viwili tu, moto mdogo wa muda mrefu na ule ukoko mweusi wa juu. Moto mdogo tunao. Ukoko tutaukosa, sawa, na sijaona mtu wa kuulilia.

Kitu ambacho watu wanakosea sio jiko, ni mpangilio. Wanachukua maharage mabichi, au yaliyoiva nusu, wanatia nyanya, sukari, siki, kila kitu kwa mpigo, wanafunika, wanasubiri, saa ya kwanza, saa ya pili, sosi inakauka inaanza kuungua na maharage bado yanagongana kwenye sufuria. Hayataiva hayo. Ganda la harage limeshikiliwa na kitu kinaitwa pektini, na asidi ya nyanya na siki inaifanya pektini ikaze, isiyeyuke. Molasi nayo ina asidi kidogo na ina kalsiamu, na kalsiamu inakaza zaidi, na sukari nyingi inachelewesha maji kuingia ndani. Watu wa Boston hiyo ilikuwa inawasaidia, chungu chao kinakaa usiku kucha na maharage hayageuki uji. Sisi wa gesi, mtungi wenyewe mnajua bei yake, hatuna masaa hayo. Kwa hiyo unagawa kazi mara mbili: kwanza maharage yaive kabisa, laini, peke yake na maji na chumvi, ndio baadae yaingie kwenye utamu. Ukishika hilo mengine yote madogo.

Maharage yenyewe chukua yale meupe madogo, yanakaa umbo na yanapokea rangi ya sosi. Ukikosa, ya njano yanafaa sana tena sosi yake inakuwa nzito yenyewe, mekundu pia yanapikika ila ladha yake ni nzito itashindana na moshi. Muhimu kuliko rangi ni umri. Maharage yaliyokaa gunia moja mwaka mzima kwenye stoo yenye joto na unyevu, hapa Dar ndio hivyo maduka mengi, yanakuwa magumu kwa namna ambayo hata upike mpaka kesho katikati kunabaki kama chaki. Uliza ya msimu huu. Muuza nafaka wa kweli atakwambia, na ukimuona anababaika nenda kwa jirani yake.

Nusu kilo inatosha watu sita mpaka nane. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwenye maji lita mbili yenye chumvi vijiko viwili vya chakula. Najua hapa nitapigwa mawe mimi, maana wote tumelelewa na kauli ya "chumvi weka mwisho, maharage yatakuwa magumu". Siyo kweli. Chumvi kwenye maji ya kulowekea inaingia kwenye ganda inachukua nafasi ya ile kalsiamu na magnesiamu, ganda linalainika na halichaniki. Anayekaza ni nyanya na limao, ila kwa vile jikoni kwetu chumvi na nyanya huwa zinaingia pamoja, chumvi ikabeba kesi isiyo yake. Jaribu bakuli mbili pembeni kwa pembeni, moja na chumvi moja bila, halafu uje ubishane.

Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya yapite juu ya maharage vidole vitatu hivi, jani la bay kama lipo, kitunguu nusu. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Yachemke kwelikweli, yaani yanaruka, kwa nusu saa ya kwanza, usianze na moto mdogo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, manne matano tu mabichi yanaweza kukutapisha, na moto wa uvuguvugu hauiui, wakati mwingine hata inaongezeka nguvu, ndio maana yale masufuria ya umeme ya kupika polepole sio mahali pa kuanzia maharage mabichi. Ikishapita hiyo nusu saa punguza moto, acha yatokote taratibu mpaka yaive. Muda sikutajii kwa uhakika, Dar saa moja inaweza kutosha lakini mtu wa Mbeya au Njombe aongeze, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94, 93 hivi badala ya 100, ndio maana bibi zetu wa kule wanayaanza maharage asubuhi kwa ajili ya usiku. Presha kuka inamaliza hiyo shida, dakika 15 mpaka 20 baada ya kulia. Magadi? Robo kijiko cha chai kwa maharage sugu, zaidi ya hapo unakula sabuni.

Unajuaje yameiva: toa matano, sio moja, yapulizie. Ganda likichanika na kujikunja ukipuliza, halafu ukibonyeza kwa ulimi juu ya kaakaa linasagika bila chembe chembe, tayari. Yote matano. Moja likiwa gumu endelea, maana ukishatia sosi hapo ndio umeyafunga, hayalainiki tena. Maji ya kuchemshia usimwage! Toa vikombe viwili vitatu weka pembeni, ule uzito wa sosi unatoka humo.

Sosi sasa. Sufuria nzito, mafuta vijiko vitatu vya chakula, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo, moto wa kati, vipike mpaka viwe kahawia ya kweli, dakika 15 na zaidi, hapa watu wanakimbia na ndio nusu ya utamu iko hapa. Kama unatumia nyama weka kabla ya vitunguu, mimi natumia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi maana wageni wangu wengi hawali nguruwe, bila nyama pia inaenda vizuri tu. Saumu punje nne. Nyanya ya kopo ile nzito vijiko vitatu, ikaange mpaka ibadilike rangi iwe kama matofali. Halafu shusha moto kabisa uweke paprika ya moshi (unga wa pilipili nyekundu) vijiko viwili vya chai, koroga kwa kuhesabu mpaka kumi, mimina maji ya maharage haraka, paprika ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Hii paprika ya Hispania, eneo la La Vera, pilipili zake zinakaushwa juu ya moshi wa mwaloni kama wiki mbili hivi, supamaketi kubwa za mjini inapatikana na bei yake sio rafiki, ila kijagi kimoja kinakaa muda mrefu.

Utamu: sukari guru, gramu 100 iliyopondwa. Kwangu hii ndio inachukua nafasi ya molasi na wala simlilii Mmarekani, ni juisi ya muwa iliyochemshwa mpaka ikakauka na molasi yake yote imo ndani, ina ule uchungu mdogo wa kuungua ambao sukari nyeupe haina. Tafadhali msiende duka la pembejeo kununua ile molasi ya ng'ombe, watu wanafanya hivyo nimeona, ile ni ya mifugo, haijatengenezwa wala kubebwa kwa usafi wa chakula cha binadamu. Na atakayeniambia maharage hayaliwi na sukari nitamuuliza kwenye futari tambi za sukari anaziacha? Siki vijiko viwili, haradali ya unga kijiko cha chai, pilipili manga, karafuu mbili, pilipili kichaa moja nzima isipasuke. Rudisha maharage yote, maji yafunike juu kidogo.

Hapa ndipo jiko linapotofautiana na oveni kweli. Oveni inazunguka chungu chote, jiko linapiga chini tu, na sukari inapenda kushika chini. Dawa yangu ni kikaango cha chapati, kile cha chuma kizito, naweka juu ya moto halafu sufuria juu yake, moto unatawanyika, na unaweza kupika saa nzima bila wasiwasi mkubwa. Wa mkaa, punguza makaa, mengine yasogeze pembeni. Usifunike kabisa, acha mfuniko wazi kidogo, na kila dakika kumi pitisha mwiko chini kabisa, mwiko wa mbao wa ubapa, ukisikia panakwaruza shusha moto hapo hapo. Baada ya dakika 45 mpaka saa moja, sosi inang'aa, ponda maharage machache ukutani mwa sufuria irudi kuwa nzito. Ionje. Chumvi, siki. Kama imekuwa tamu ya kuchosha ni siki imepungua.

Moshi wa mwisho sasa, huu ndio unawaacha watu mdomo wazi. Wengi wanadhani kupikia mkaa kunatoa harufu ya moshi, wapi, mkaa ni kuni iliyokwisha toa moshi wake porini, ukikolea hauna tena moshi wa kutia ladha. Yale maharage ya bwenini na ya msibani yenye moshi mpaka ndani yalipikwa kwa kuni, masufuria wazi. Sisi tunaiba njia ya Wahindi, wapishi wengi wa biriani na mishkaki huku pwani wanaijua: tengeneza kikombe kidogo cha foili, kikalishe katikati ya maharage kielee juu, weka kaa moja lililokolea jekundu lote, limwagie nusu kijiko cha chai cha samli, itafuka hapo hapo moshi mweupe mzito, funika haraka na kitambaa pembeni ya mfuniko usitoke. Dakika tano. Saba ukizidi sana. Kumi inaanza kuwa chungu kama masizi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Moshi unatoka kwenye ile samli inayoungua, na unashikwa na mafuta yaliyo juu ya sosi, kwa hiyo kabla ya kufunika hakikisha juu kuna mng'ao wa mafuta kidogo, ukiwa umepika bila mafuta moshi unapita tu. Kaa liwe la mti mgumu, usitumie lile uliloliwashia kwa mafuta ya taa au mfuko wa plastiki, harufu yote itahamia kwenye chakula. Na fungua madirisha, mkaa na chumba kilichofungwa ni kifo.

Toa kikombe, koroga, acha itulie nusu saa kabla ya kula. Kesho yake ni tamu zaidi, sosi itakuwa imeganda nzito, ongeza maji moto kidogo ndio upashe, moto mdogo. Friji siku nne, friza hata miezi miwili mitatu. Hotelini inaenda na mayai na mkate, nyumbani kwangu inaenda na chapati au mihogo ya kuchemsha, nyama choma wikiendi usiseme. Wa Tanga na Mombasa waliokulia mbaazi za nazi na mahamri asubuhi wala sihitaji kuwashawishi kwamba brekfasti na maharage ni ndugu, ila msiniulize kama mnaweza kutia tui humu. Nimeshajibu sana hilo. Hapana, tui litaua moshi wote.