Teksi, nauli na muda katika bandari za Karibi: dhana potofu na ukweli

Abiria wa meli ya kitalii anayeshuka katika kisiwa cha Karibi huwa na saa chache tu za kuwa nchi kavu, na wengi huzimalizia katika ziara zinazouzwa na meli yenyewe kwa kuwa wamesikia mengi ya kutisha kuhusu madereva wanaosubiri gatini. Baadhi ya wanayoyasikia yana chembe ya ukweli, lakini mengi hayana. Hasara nyingi humpata mgeni kwa sababu ameingia garini kabla ya kuuliza nauli aliyotajiwa ni ya watu wangapi, ni ya pesa ya nchi gani, na kama inahesabu safari ya kurudi.

"Teksi isiyo na mita ni ya kitapeli"

Katika visiwa vingi teksi hazitumii mita, kwa sababu nauli hupangwa na mamlaka kulingana na mahali abiria anapokwenda. Ndivyo ilivyo Barbados na Aruba, na ndivyo ilivyo St. Thomas katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, ambako ipo tume ya teksi inayotoa orodha ya viwango ambayo abiria ana haki ya kuiona. Utata huzuka katika namna ya kuhesabu. Barbados nauli ya teksi huhesabiwa kwa gari, kwa hiyo watu wanne wanaokwenda ufukwe mmoja huchangiana. St. Thomas huhesabiwa kwa kichwa: kuna kiwango cha abiria aliye peke yake, na kiwango cha chini zaidi kwa kila mmoja wanapokuwa wawili au zaidi. Gari lenyewe mara nyingi ni pikapu kubwa iliyofungwa mabenchi safu kwa safu chini ya paa, ubavuni wazi, na dereva wake haoni sababu ya kuondoka gati la Havensight kwenda ufukwe wa Magens Bay na viti vitupu. Familia ya watu watano iliyodhani imetajiwa bei ya gari, kisha ikadaiwa mara tano iliposhuka, haikuibiwa, bali iliuliza nusu ya swali.

Anayetaka kuhakikisha gari ni halali atazame namba zake. Jamaica magari ya abiria yenye leseni hubeba namba nyekundu, na Barbados namba za teksi huanza na herufi Z. Kama dereva ameahidi kukurudisha, alipwe safari itakapokamilika. Atakuwa na sababu nzuri ya kuikumbuka saa mliyokubaliana.

"Dola ni dola"

Hii naiona kuwa dhana ghali kuliko zote, kwa sababu mgeni hahisi kwamba kuna jambo la kuuliza. Barbados ina dola yake, ambayo tangu 1975 mbili ni sawa na moja ya Marekani. St. Lucia, Grenada, Antigua na Dominica ni miongoni mwa nchi zinazotumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Dola ya Visiwa vya Cayman ina thamani kubwa kuliko ya Marekani, na madukani dola moja ya kwao huhesabiwa kuwa 1.25 za Marekani. Sasa mchukue dereva anayesema "ishirini" bila kuongeza neno. Kama anakusudia pesa ya nchi yake, Bridgetown, Barbados, ametaja dola 10 za Marekani, Castries, St. Lucia, ametaja takriban 7.40, na George Town, Visiwa vya Cayman, ametaja 25. Abiria anayetoa noti ya ishirini ya Marekani katika miji yote mitatu atakuwa amelipa maradufu katika mji wa kwanza, karibu mara tatu katika wa pili, na katika wa tatu atagombana na dereva ambaye hana kosa.

Ni kweli kwamba dola ya Marekani hupokelewa karibu kila bandari. Hata hivyo chenji aghalabu hutolewa kwa pesa ya kisiwa, na pesa hiyo ni vigumu kuibadilisha ukishaondoka, kwa hiyo noti ndogo ndogo zina faida kuliko noti ya hamsini. Kadi ya benki isitegemewe ndani ya teksi.

"Usafiri wa umma haumfai mgeni"

Msomaji aliyezoea matatu au daladala atashangaa jinsi Barbados isivyo ngeni kwake. Vipo vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba zao zikianza na ZR, vyenye konda, muziki wa juu na abiria waliobanana, vinavyokimbia barabara ya pwani ya kusini kutoka Bridgetown hadi Oistins na kuendelea mpaka Silver Sands. Nauli iliyowekwa mwaka 2019 ni dola 3.50 za Barbados, yaani dola 1.75 za Marekani, kwa safari fupi au ndefu. Vibao vya vituo vinaonyesha kama gari linaelekea mjini au linatoka mjini, na hayo yanamtosha mtu asiyejua njia. Konda hurudisha chenji. Katika mabasi ya serikali ya rangi ya buluu ni busara kuwa na nauli kamili mkononi.

"Nitaita gari kwa programu ya simu"

San Juan, Puerto Rico, inawezekana. Katika visiwa vingi vidogo Uber haipo.

"Simu yangu inajua saa ya kurudi"

Simu hufuata saa ya kisiwa, lakini meli nyingine hubaki na saa ya bandari ilikotoka. Jamaica, Visiwa vya Cayman na kisiwa cha Cozumel cha Mexico havisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, ilhali Miami husogeza. Kwa hiyo, kati ya Machi na Novemba, abiria aliye George Town anaweza kuona saa tisa alasiri kwenye simu huku meli inayofuata saa ya Miami imeshafika saa kumi. Pale kwa kawaida meli hutia nanga nje na abiria hurudishwa kwa mashua, na mashua ya mwisho huondoka mapema kuliko meli. Saa ya kufuata ni ile iliyotangazwa melini asubuhi ile ile.

Aliyekwenda kwa ziara ya meli akichelewa, meli humsubiri au kampuni humgharimia kuifuata. Aliyejitembeza mwenyewe hana dhamana hiyo. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Marekani, gharama huenda isiwe tiketi ya ndege pekee, kwa kuwa ndege ya kwenda bandari inayofuata inaweza kupitia nchi inayomtaka awe na viza. Ndiyo maana teksi ya kurudi ipangwe imfikishe gatini angalau saa nzima kabla ya muda wa mwisho, na pasipoti, ikiwa meli haikuichukua, iwe naye mfukoni.