Komwe, trei ya mayai na hesabu za chekechea: dhana potofu na ukweli

Dhana: Vifaa vya hesabu ni ghali.

Bao la Kiswahili linalochezwa barazani Lamu lina mashimo 32 na komwe 64, zile mbegu ngumu za kuchezea. Komwe hizo zinawatosha watoto sita, kila mmoja kumi, na nne za akiba. Ongeza vifuniko vya soda na trei ya mayai iliyokwisha kazi. Makombe ya pwani pia yanafaa, ila yaliyo hai yaachwe baharini. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe komwe: huingia mdomoni na puani, akapaliwa.

Dhana: Mtoto akishashika vitu, ameshajua kujumlisha.

Hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi. Mtoto aliyemwagiwa komwe mkekani atazirusha na kuzipanga njia. Mwachie dakika tano za kwanza achezee, maana bila hivyo atachezea somo zima. Baada ya hapo komwe zinataka mpangilio na swali.

Chukua trei ya mayai 30, ile ya mashimo 5 kwa 6, uikate vipande vitatu, kila kimoja safu 2 za mashimo 5. Kila kipande sasa ni kumi. Kwa 8 + 5, mtoto ajaze mashimo 8, kisha ashike komwe 5 mkononi. Muulize: “Trei yako yataka ngapi ijae?” Atatia mbili, zitabaki tatu. Trei imejaa, tatu ziko nje: kumi na tatu. Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa, kwa kuwa jina la namba linataja hasa anachokiona, kumi, na tatu. Jina la Kiingereza halilionyeshi hilo waziwazi, kwa hiyo hata somo likiwa la Kiingereza, itaje namba kwa Kiswahili pia.

Mambo huharibika pale mwalimu anaporuka kutoka komwe hadi alama za ubaoni. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka ya 1960 njia tatu za kulishika jambo: kwa kitendo, kwa picha, kwa alama. Picha ndiyo inayosahauliwa. Mtoto achore miraba kumi na kutia nukta ndani yake, na kwa siku kadhaa komwe, mchoro na 8 + 5 = 13 vikae pamoja mbele yake.

Dhana: Kuhesabu kwa vidole ni uvivu.

Vidole ni tano na tano alizozaliwa nazo, usimkataze. Tatizo ni kuanza moja kila mara. Kwa 7 + 2, ficha komwe 7 chini ya kikombe, weka 2 nje. Aguse kikombe aseme “saba,” kisha “nane, tisa.” Wengi huirudia “saba” kwenye komwe ya kwanza iliyo nje, wakapata nane.

Dhana: Kukadiria ni kubahatisha.

Anayekadiria ana kitu cha kulinganishia. Wazee waliopima nafaka kwa kibaba na pishi, yaani vibaba vinne, walilijua hilo. Tafuta chupa mbili zinazofanana, nyeupe za kuonekana ndani. Moja tia komwe 10, nyingine kati ya 20 na 40. Watoto walinganishe kina, waandike makadirio kwa kalamu ya wino. Ikiwa ni penseli, wengi watafuta na kuandika jibu kamili, wakiamini kutolingana ni kosa. Mkishahesabu kumi za kwanza, simameni, waruhusiwe kukadiria upya kwenye mstari wa pili. Usimzawadie aliyeipata namba yenyewe tu, kwani wenzake watajifunza kuombea bahati. Na usichanganye makombe makubwa na madogo, kulinganisha kutakosa maana.

Dhana: Grafu ni ya madarasa ya juu.

Mtoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, anaiweza, mradi ianze na vitu vyenyewe. Fungua gunia, chora miraba ya sentimita 15, tunda moja kwa kila mraba, safu zote zianzie mstari mmoja. Bila miraba, ngowe 4, yale maembe marefu, zitafika mbali kuliko ndimu 6, na mtoto atasema ngowe ndizo nyingi. Jicho lake limeona sawa. Mpangilio ndio uliompoteza.

Baadaye tumieni visanduku vitupu vya kiberiti vya ukubwa mmoja: kila mtoto aweke kimoja juu ya alama ya alivyokuja shule, kwa miguu, kwa punda au kwa boti. Ukiuliza “Waliokuja kwa miguu wamezidi wa boti kwa wangapi?” wengi watakutajia idadi ya waliokuja kwa miguu. Usiwasahihishe kwa maneno. Nyosha uzi kutoka kilele cha mnara mfupi hadi mnara mrefu, kisha wahesabu visanduku vilivyo juu ya uzi.