Je, wajua kwa nini waokoaji wengi huweza kukwamishana?

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wanne walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa polisi wachache na raia wenye bastola zao, kila mmoja kwa uamuzi wake. Alasiri wakafika makomando wa Recce, kikosi cha GSU, tawi maalumu la polisi wa Kenya, wakaanza kuwabana wavamizi. Kisha jeshi likaingia. Polisi na wanajeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, wala mkuu mmoja wa kusema nani yuko wapi ndani ya jengo. Ofisa wa Recce akauawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Makomando wakaondoka, na magaidi wakapata nafasi ya kupumua. Operesheni ilitangazwa kwisha siku ya nne. Watu 67 walikuwa wameuawa.

Silaha zilikuwepo, na ushujaa ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni kitu ambacho wazimamoto wa California, Marekani, walilazimika kukitafuta miaka zaidi ya 40 kabla ya hapo.

Mwaka 1970 misitu ya jimbo hilo iliwaka kwa siku 13. Watu 16 walikufa na nyumba zaidi ya 700 ziliteketea. Vikosi vilikuja kwa wingi, vya serikali kuu, vya jimbo, vya kaunti na vya miji, kila kimoja na redio zake, vyeo vyake na hata msamiati wake. Chukua neno moja tu, tanka. Kwa wazimamoto wa mjini tanka lilikuwa lori la maji, lakini kwa wale wa misituni lilikuwa ndege ya kumwaga maji. Sasa fikiria uko mlimani, moshi umekuziba macho, unaita tanka kwenye redio, na anayekusikia anawaza kitu kingine kabisa.

Bunge la Marekani likatoa fedha, mashirika hayo yakaketi pamoja, na kutoka hapo ukazaliwa mfumo wa uongozi wa matukio, ambao leo unafuatwa katika nchi nyingi. Jambo la kwanza walilokubaliana ni maneno: tanka ni ndege, lori lipewe jina lake. Na kwenye redio watu waongee lugha ya kawaida, mafumbo ya namba, yaani namba zinazotumika badala ya maneno, kila kikosi kibaki nayo kwake.

La pili ndilo naliona gumu kuliko yote, hasa kwetu tunaoheshimu sana vyeo. Anayefika kwanza kwenye tukio ndiye kamanda, hata kama ni ofisa mdogo. Mkubwa wake akifika hachukui usukani kwa sababu tu ana nyota nyingi begani. Kwanza anaelezwa kilichotokea, nani katumwa wapi, nini bado. Akishaelewa, anatamka kwamba amepokea uongozi, na vikosi vyote vinatangaziwa. Bila hivyo, dakika moja tu inatosha watu wapokee amri mbili zinazopingana.

Kila mtu ana mkuu mmoja tu, na mkuu mmoja husimamia watu watatu hadi saba, watano wakiwa ndio kipimo kizuri. Chini ya kamanda yuko anayeendesha operesheni, anayepanga yajayo, anayeleta chakula, mafuta na vifaa, na anayeandika gharama. Tukio likiwa la mashirika kadhaa, tuseme ajali ya lori la petroli inayowahusu polisi, zimamoto na hospitali, wakuu wao hukaa meza moja na kutoa mpango mmoja. Polisi habadiliki kuwa mzimamoto, ila hakuna anayeingia bila wengine kujua.

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walivamia hoteli ya DusitD2, Nairobi hiyo hiyo. Watu 21 waliuawa, na hakuna hesabu inayoweza kuupunguza msiba huo. Lakini safari hii vikosi vilifanya kazi kwa uratibu bora zaidi, mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai, na kufikia asubuhi iliyofuata, baada ya saa 19 hivi, yote yalikuwa yamekwisha. Matukio hayo mawili hayakufanana kwa kila kitu, lakini kwangu tofauti ya uratibu ina uzito mkubwa.

Ndiyo maana mfumo huu hauruhusu hata daktari aliyekuja kujitolea apite moja kwa moja hadi kwa majeruhi. Anaripoti kwanza mahali pa kusubiria, jina lake linaandikwa, anaambiwa mkuu wake ni nani. Akitoka anaandikwa tena. Ukuta ukidondoka katikati ya kazi, kamanda anatazama orodha ile na kujua papo hapo anawatafuta watu wangapi.