"Bibi hakumbuki kitu" na maneno mengine yanayonichosha

Juzi kaja tena kijana na simu yake, ina rekodi ya dakika nane ya bibi yake wa Mvumi akisimulia maisha yake, anataka nimsafishie sauti, afu anamalizia "ila humo hamna kitu, bibi hakumbuki". Nikasikiliza. Bibi ulizaliwa mwaka gani? Sijui mjukuu wangu. Uliolewa mwaka gani? Kimya. Hapa mlihamia mwaka gani? Bibi kaguna tu. Sasa jamani hapo aliyeharibu ni nani, bibi au huyu anayemhoji kama karani wa sensa?

Hii ndo inanikera kuliko zote na kila wiki lazima niisikie. Ukweli ni kwamba wazee wetu huku Ugogoni, Dodoma, miaka wanaihesabu kwa matukio, hasa njaa, na njaa kubwa zina majina yake. Mtunya ni ile ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalikomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma, kwa hiyo bibi akikwambia mama yake alizaliwa kwenye Mtunya keshakupa mwaka huyo, we ndo hujausikia. Karanga za Kongwa, ule mradi wa Mwingereza wa mashamba ya karanga, ni 1947 hadi 1951. Operesheni Dodoma, watu walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa, ni 1971. Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma 1973, vita ya Kagera ikaanza 1978. Andika haya kwenye karatasi kaa nayo mkononi, afu muulize hivi: wakati wa operesheni mtoto wako mdogo alikuwa anatambaa au anatembea? Mlipohama mlibeba nini, mkaacha nini? Miaka utaitafuta mwenyewe usiku ukiwa kwako. Yule kijana nilimrudisha na maswali ya namna hiyo, karudi na saa moja na nusu, ana tembe (nyumba yetu ya udongo) walilolihama, ana idadi ya ng'ombe, ana shangazi aliyezaliwa wiki ileile ya kuhama ambaye ukoo mzima ulikuwa haujui amezaliwa lini. Hakumbuki eti!

Mengine nayapitia haraka.

"Aongee Kiswahili ili wajukuu waelewe." Hapana, mwache na Kigogo chake, au Kirangi kama ni wa Kondoa, tafsiri itafanyika baadaye. Nina mzee mmoja kwa Kigogo anavunja watu mbavu, akihamia Kiswahili anageuka kuwa mtendaji wa kata anasoma taarifa.

"Nasubiri ninunue maiki." Utasubiri mpaka uitwe msibani. Simu yako inatosha, zima data, iweke juu ya khanga iliyokunjwa, isizidi urefu wa mkono kutoka kwa mzee. Kaeni ndani, upepo wa Dodoma huu unakula sauti yote, na kama tembe bado lipo ingieni humo, udongo unameza mwangwi vizuri kuliko hizo nyumba zenu za bati na marumaru (mniache, napenda tembe).

"Tutarekodi Desemba tukiwa wote." Watu ishirini, watoto wanalia, mjomba anamkatiza babu kila sentensi. Nendeni wawili tu.

"Babu na shangazi wamepishana, basi mmoja muongo." Sio lazima, mmoja alikuwa machungani na mwingine alikuwa nyumbani, rekodi wote wawili na usiwapatanishe.

Na "nimeshaituma kwenye grupu la ukoo, ipo salama". Salama wapi? Video ukiituma kawaida WhatsApp inaibana, na siku simu ikiibiwa Majengo sokoni unabaki na hiyo iliyobanwa. Faili lenyewe liweke sehemu mbili tofauti, na liite jina la mzee, kijiji na tarehe, sio "Rekodi mpya 14", maana ninazo hizo hapa nyingi na walioleta wenyewe hawajui ni babu yupi anayeongea.