Bomu likilipuka mgahawani: damu haingoji gari la wagonjwa

Mchana wa tarehe 9 Agosti 2001, familia zikiwa mezani, bomu lililipuka ndani ya mgahawa wa Sbarro mjini Jerusalem. Watu 15 waliuawa, 7 kati yao watoto, na wapatao 130 wakajeruhiwa. Mama mmoja aliyekuwa na mwanawe alipoteza fahamu, asizinduke tena. Alifariki Mei 2023, karibu miaka 22 baadaye.

Bomu lile lilijazwa misumari na nati. Vyuma hivyo hukata mishipa, na damu ya mshipa mkubwa yaweza kumuua mtu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mwokoaji wa kwanza ni aliye karibu, awe mama lishe wa Feri au mhudumu wa Shangani, mjini Mtwara.

Piga 112, namba ya dharura, kisha watoe majeruhi eneo hilo haraka. Kampala, tarehe 11 Julai 2010, uwanjani Kyadondo mlipuko wa pili ulifuata wa kwanza. Waongoze kwa mikono, maana wengi masikio yameziba, hawasikii ukipiga kelele.

Damu ikiruka mkononi au mguuni, chana kanga upate utepe wa upana wa vidole vitatu. Funga vidole vinne juu ya jeraha, si kwenye goti wala kiwiko. Weka mwiko juu ya fundo, funga tena, uuzungushe hadi damu ikome, kisha ufunge usirudi nyuma. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ukikaza nusu, damu inaingia lakini hairudi, na jeraha huvuja zaidi. Kamba nyembamba au waya hukata nyama. Andika saa uliyofunga.

Kinenani na kwapani hapafungiki. Shindilia kitambaa safi ndani ya jeraha, ulalie kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Kifuani na tumboni usishindilie kitu. Chuma kilichochomeka usikichomoe, huenda kimeziba mshipa.

Tena, usimwache aliyetoka bila mkwaruzo. Ndani ya chumba mgandamizo wa hewa hugonga kuta na kurudi, ukapasua mapafu. Akianza kuhema au kukohoa damu, mkalishe wima kwenye bajaji, mpelekeni hospitali ya Ligula pamoja na wenye majeraha, na mwambie muuguzi alikuwa amekaa wapi bomu lilipolipuka.