Mwenye nguvu mpishe si sayansi ya Darwin

Jumamosi kwa kikundi chetu cha kusoma vitabu hapa town tulikuwa tunalinganisha Lord of the Flies na The Hunger Games, na hata chai haijafika mtu ashasema hizo story mbili ni kitu kimoja, ati zote ni "survival of the fittest", wengine wakaitikia, maneno yakaisha hapo. Hiyo kauli Nairobi iko kila mahali. Makanga akikuacha steji juu umeshindwa kusukumana, ni hiyo. Landlord akipandisha rent, ni hiyo. Ni kama kila ubaya wa huu mji umepewa cheti cha sayansi, na mimi inanikera kwa kweli.

Maana yenyewe ni fupi. Viumbe wanaofaa mazingira yao kuliko wenzao ndio wanabaki, wanazaa, wanaendelea. Ni hayo tu. Kufaa ni kufaa, misuli haijatajwa popote. Mende wa jikoni hana nguvu yoyote ya kuongelea na bado yuko.

Sasa hayo maneno si ya Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, na hapa ndipo watu huruka. Kitabu chake cha 1859 hakikuwa nayo, yeye alikuwa anasema uteuzi wa asili. Aliyeyatunga ni Herbert Spencer, mwanafalsafa Mwingereza, kwa kitabu chake cha biolojia cha 1864, baada ya kumsoma Darwin. Halafu 1866 Alfred Russel Wallace, huyu ndiye alikuwa amefikia wazo lile lile kivyake, akamwandikia Darwin barua akimsihi achukue maneno ya Spencer, kwa sababu ukisema asili inateua watu wanadhani kuna mtu amekaa mahali anachagua. Darwin akakubali, akayaingiza kwa toleo la tano, 1869. Yaani yaliletwa yaondoe kutoelewana kumoja yakaleta kwingine kubaya zaidi, juu Spencer naye alikuwa na siasa zake, alipinga serikali kuwasaidia maskini, na waliokuja baadaye wakaichukua hiyo lugha wakatetea nayo ukoloni, ati kuna watu wamezaliwa kutawala na wengine wamezaliwa kutawaliwa. Mtu wa Nairobi, ambaye babu yake pengine alifukuzwa shambani na watu wenye fikra hizo, kuyarudia leo kama ukweli wa maumbile inaniuma.

Kiswahili chenyewe kiko na mwenye nguvu mpishe, na hiyo iko sawa kabisa kwa kazi yake. Lakini isikize vizuri. Inakwambia umpishe, haijasema yeye ndiye atabaki. Ni ushauri kwa yule mdogo, vile atapita salama na aendelee na safari yake.

Turudi kwa vitabu. Lord of the Flies, kile cha William Golding cha 1954, watoto wa shule wanaanguka na ndege kisiwani wakati wa vita, na watu husahau kwamba kile kisiwa kina kila kitu. Matunda yapo, maji yapo, nguruwe wapo. Hakuna mtoto anakufa njaa pale! Mmoja anapotelea kwa moto waliowasha wenyewe ukawashinda, Simon anauawa kwa ile densi ya usiku, Piggy anaangushiwa jiwe. Sasa uliza nani anafaa kuishi hapo. Piggy ana pumu, haoni mbali, lakini miwani yake ndiyo inawasha moto na kichwa chake ndicho kinafikiria kuokolewa. Simon ndiye anabaki na Ralph, yule waliyemchagua kiongozi, kujenga vibanda wengine wakienda kucheza, ndiye anawachumia wadogo matunda wasiyoyafikia. Hawa wawili ndio wanauawa. Na Jack mwenye nguvu, mkubwa wa wawindaji, meli inapita wakati vijana wake wameacha moto uzime wakafuata nguruwe, na mwishoni anachoma kisiwa kizima ndio amtoe Ralph mafichoni, pamoja na chakula chao wenyewe. Hiyo utaiita kufaa mazingira kweli?

The Hunger Games, kile cha Suzanne Collins cha 2008, kiko tofauti kabisa, na kuviweka kapu moja ni kukinyima kile kinachosema. Pale hakuna maumbile. Kuna serikali. Wilaya 12, mvulana na msichana kutoka kila moja, watu 24 wanafungiwa uwanjani, na sheria ya kwamba abaki mmoja imeandikwa na Capitol, mji mkuu wenye serikali hiyo. Katikati ya mchezo wanatangaza wanaweza kubaki wawili wa wilaya moja, halafu wanaibadilisha tena. Maumbile hayana spika ya kutangaza hivyo. Na hata ndani ya ule mchezo uliopangwa, wenye nguvu waliofundishwa tangu utotoni wanategemea rundo moja la chakula, Katniss, yule msichana anayesimulia, akililipua wanayumba, kwa sababu yeye amezoea njaa na wao hawajui njaa ni nini. Cato, mmoja wa hao wenye nguvu, hafiki mwisho.

So kwa Golding unyama unatoka kwa watoto wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Kwa Collins unaagizwa kutoka juu na wengine wanautazama kwa skrini. Hiyo ndiyo tofauti ya kubishania, na ile kauli inaifunika yote.

Na tukiongelea maisha yenyewe, 1965 vijana sita wa Tonga, nchi ya visiwa kule Pasifiki, waliiba mashua wakapotea baharini wakaishia kisiwa cha 'Ata, hakina watu. Walikaa zaidi ya mwaka hadi nahodha Mwaustralia Peter Warner akawapata 1966. Walikuwa na bustani, moto hawakuuacha uzime, waliogombana walitenganishwa hadi hasira ipoe, na mmoja alipovunjika mguu wenzake waliuunga. Wote sita walitoka hai. Kama unatafuta mfano wa kufaa mazingira, chukua huo.

Kwa hivyo wenzangu, ukitaka kusema Jack alitawala kwa mabavu, sema mabavu. Ukitaka kusema Capitol ni wakatili, sema ukatili. Landlord naye ni tamaa. Maneno tunayo ya kutosha. Lakini usiseme Jack ndiye aliyefaa, kwa sababu yule ofisa wa jeshi la majini akifika ufukweni na kuuliza mkubwa ni nani, anayejibu ni Ralph, na Jack anasogea kidogo halafu anabadilisha nia, anasimama kimya na mabaki ya miwani ya Piggy kiunoni.